Namba Arubaini na Moja

Huyu hakuletwa na tumbo, aliletwa na mguu.
Nyamawi, mwendesha kreni wa Kilindini,
goti lilibanwa Jumanne ya mvua;
nami nikamwendea kitandani na kijiti cha pamba,
nikamweleza kinakoingia.

Akatazama pazia. Akatazama mguu uliotundikwa.
"Dada Mwanasiti, mguu uko huku.
Huko nako mwatafuta nini?"

Wodi nzima ikacheka, hata yule wa pembeni
ambaye tangu juzi hakufungua jicho.

Ningemjibu nini? Kwamba natafuta wapangaji?
Kwamba tumboni mwa kila mtu mna mtaa
uliosongamana kuliko Majengo, una wema na wahuni,
wote wala chungu kimoja bila ugomvi,
mpaka dawa ipite na ufagio wake
iwazoe wapole, iwaachie sugu
vyumba vitupu vya kuzaliana?

"Twahesabu," nikamwambia. "Ni hesabu tu."
Akageukia ukuta, akafumba macho
kama mtoto anayenyolewa.

Usiku kucha sahani zalala kabatini,
joto ni lile la kwapa.
Asubuhi nazifunua moja moja.
Juu ya kila sahani nimepanga vikaratasi vya mviringo,
kila kimoja kimelowa dawa yake:
ya bei ya andazi,
ya bei ya mbuzi,
na ile ya mwisho, daktari huitaja kwa sauti ya chini
kama mtu aliyelazimishwa kutamka jina la mkwewe.

Dawa ikifaa, kikaratasi huzungukwa na duara tupu,
kiwanja kilichofyekwa.
Siku ya kwanza Nyamawi alikuwa na viwanja vyote.
Siku ya tisa, hana hata kimoja.
Bakteria wameota mpaka ukingoni mwa karatasi,
wameiegemea.

Katikati ya siku hizo, bomba la wodi lilikohoa,
likatema kutu, likanyamaza.
Maji yakaja kwa mkokoteni, mitungi ishirini,
kumi na minne ikaenda chumba cha upasuaji.
Glavu moja ikamgusa mgonjwa wa tano, wa sita.
Sindano ya bei ya mbuzi, kila saa nane, kwa tahadhari.

Simlaumu mtu. Dirishani mwa duka la dawa, Mwembe Tayari,
nilinunua mwenyewe vidonge vinne vya koo la Fahmi
kwa kuwa pesa zilikuwa za vinne.

Bibi akisema kikulacho ki nguoni mwako.
Bibi hakuwa na darubini.
Nguo ni mbali.

Na Nyamawi haumwi! Hilo ndilo nisilojua kulieleza.
Anakula mbaazi, anasimulia kreni, goti lapona.
Wao wamekaa tu.
Wangoja mshono uachie,
wangoja mpira wa mkojo,
wangoja kitanda cha jirani.

Wafanyakazi nasi tulipimwa, bila majina, namba tupu.
Arubaini na moja niliiandika kwa kalamu ya kijani,
nyeusi ilikuwa imekwisha.
Niliifunua baada ya zote.
Nikaisogeza dirishani, nikaigeuza,
nikatafuta kiwanja.

Leo Ijumaa. Sinia limeshapakuliwa,
Fahmi amesogea kunipisha, Nuru keshaiba kiazi.
Nimenawa. Nimenawa tena mpaka kiwikoni,
kata kwa kata, maji ya mtungi wa kununua.
"Maji hayo, mwanangu!" mama mkwe apiga kelele. "Hebu njoo ule!"

Nimekuja. Mkono wa kulia wanukia sabuni,
uko juu ya pilau, hauteremki.

"Nipeni sahani yangu," nikasema.
Wakanitazama kama niliyetukana.